Jembe la Ukubwa wa Ukucha

Mama Deo,

Shikamoo. Sijui kama marehemu husalimiwa hivyo, ila kwa miaka kumi na moja sijawahi kuianza siku bila kukuamkia, na nilipojaribu kuianza barua hii bila shikamoo kalamu iligoma. Nimekaa kwenye kigoda chako hapa kibandani kwetu, mgongo nimeupa jiko. Upepo wa Julai umeshaingia Chanji, unapita kwenye nyufa zote za mabanzi ulizokuwa ukiziba kwa magazeti. Magazeti yamechakaa, yanapepea, nami sijayabandua kwa sababu uliyabandika wewe.

Nina kosa la kukueleza, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu. Nimewaonyesha watu jembe. Si mtu mmoja wala wawili. Wameliona wote waliokuja kwenye arobaini yako, wanakwaya wenzako, balozi wetu wa nyumba kumi na mwanao Deo, mchana kweupe, juu ya ungo wako mwenyewe. Nilikuapia kwamba nitakufa nalo moyoni, na wewe hujamaliza hata miezi miwili huko ulipo nimeshalitoa hadharani. Usinune kwanza. Ngoja nianzie mbali kidogo, kama nilivyokuwa nafanya siku sufuria ikiungua, ili tukifika kwenye kosa lenyewe uwe umeshapoa.

Unakumbuka nilivyokuja. Nilipanda kutoka Kaoze juu ya lori la mpunga, binti wa Kisukuma aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake kwenye joto la bondeni, sijawahi kumiliki sweta. Lori lilipomaliza mlima likatokea huku juu, meno yakaanza kugongana, nikadhani nimeshikwa na homa. Baba alikuwa amenionya. Alisema ninakokwenda ni Sumbawanga, si mahali pa kuchezea: nisile kwa mtu nisiyemfahamu, nisiokote kitu njiani, na mtu akinikazia macho nitazame chini. Kazi ya kwanza niliyopata ikawa ya kuwapikia watu nisiowafahamu, na kula kilichobaki. Wewe ulinitazama juu mpaka chini, ukavua sweta lako ukanipa, ukasema, "Vaa, usije ukatetemeka ukanimwagia supu." Ndivyo ulivyoniajiri.

Wiki ya pili nikaiba mkia wa samaki, mgebuka wa kukaanga. Mpaka leo naikumbuka ladha yake. Ilikuwa saa tisa alasiri, wateja wamekwisha, ukaniita tuchambue maharage ya kesho. Uliyatandaza kwenye ungo, ukafungua kopo la maziwa ya unga, ukatoa kitambaa chekundu, na ndani ya kitambaa kitu cheusi cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa jembe. Jembe kamili, lenye mabega na mkia wa kuingia kwenye mpini, ila mpini wake ungekuwa njiti ya kiberiti. Ukaliweka kwenye ukingo wa ungo, upande niliokaa mimi, ukagonga ungo kwa kifundo cha kidole mara tatu.

Maharage yakageuka. Kila punje ilijizungusha pale pale ilipolala, polepole, kwa sauti ya manyunyu kwenye majani ya mahindi, mpaka jicho la kila harage likaelekea kwenye jembe. Yaani kwangu. Ungo mzima unanitazama, na mimi nina mafuta ya samaki kwenye vidole. Nikapiga magoti nikasema, "Mama nisamehe, nimekula mkia, na jana nilikula kichwa."

Wewe hukuwa na habari ya mkia wala ya kichwa. Ulicheka mpaka ukateleza kwenye kigoda ukakaa chini kabisa, na kila ulipotaka kusema neno ulinitazama ukaanza upya. Nilipoona hakuna baya linalonipata, nikakuuliza hayo maharage sasa yatafanya nini. Ukasema yameshafanya. Nikauliza, "Halafu?"

"Halafu basi," ukanijibu, ukaanza kuchambua.

Ilinichukua muda kuamini kwamba ni basi kweli. Ulinieleza kidogo kidogo, siku hadi siku, mikono ikiwa kwenye ungo. Babu yako mzaa baba alikuwa mhunzi, katika wale wa mwisho kuyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo ambayo magofu yake bado yamesimama porini huko kwenu. Majembe yake yalilima vijiji vingi vya Ufipa. Uzeeni akataka kufua jembe la dawa, dogo, la kufukia ndani ya tuta pamoja na majani, ili maharage yakipandwa juu yake yamjue mwenye shamba na yazae kupita kiasi. Alihangaika nalo msimu mzima, akalisemea maneno anayoyajua yeye, akalifukia. "Maharage yakalijua jembe," ulisema. "Kuzaa, yakazaa vilevile."

Nami kwa ujinga wa ujana nikalitafutia kazi. Nilidhani yaliyotobolewa na wadudu yatashindwa kugeuka, tuyatoe kirahisi. Yaligeuka na matundu yao. Nilidhani mawe yatabaki yametulia, lakini jiwe halina jicho, ukilitazama hujui kama limegeuka au limelala. Nikakuomba tujaribu choroko, ukagonga mpaka kidole kikakuuma, choroko wala hazikutikisika. Mwisho nikalitumbukiza kwenye sufuria ya maharage yanayochemka. Yakaiva kwa muda ule ule, na jembe likatoka limenata supu. Hapo ndipo uliponikasirikia kweli. Ulilifuta kwa kanga yako, ukaniambia, "Kaache kajembe ka watu kakae. Kwani kila kitu lazima kitumwe?"

Watu wanadhani ulilificha kwa hofu. Mimi najua ulilificha kwa aibu. "Nchi nzima inatuogopa," ulikuwa ukisema. "Wanasema huku tunatuma radi, tunasafiri kwa ungo. Sasa mimi nitoke niwaambie alichotuachia babu ni kajembe ka kugeuza maharage?" Hata Deo hukumwambia. Ulisema utamwambia akioa, akaoa. Ukasema akipata mtoto, akapata na wa pili.

Lakini sisi wawili tulilitoa kila siku saa tisa, na leo nikijiuliza miaka yote hiyo ilikwenda wapi, naona ilikwenda pale, kwenye ule ungo. Kuna wakati ule tuliponuniana kwa ajili ya yule seremala niliyetaka anioe, ukasema ana mdomo mwingi kuliko misumari. Siku nne hatukuzungumza, tunapokezana mwiko kama hatujuani. Siku ya tano ukaliweka jembe upande wangu, ukagonga, yakanitazama yote. Nikacheka nikiwa bado na hasira, na hasira haikurudi tena. (Seremala alikuja kuoa Mpanda. Hukuwahi kunisimanga kwa hilo, nami sikuwahi kukushukuru.) Na siku ilipopigwa simu kutoka Kaoze kwamba baba amefariki, hukusema pole kwanza. Uliusukuma ungo karibu yangu, ukagonga mara tatu, tukakaa tunayatazama. Sijui kwa nini ilinisaidia. Ilinisaidia.

Kisha ukaondoka. Uliugua Jumanne, na Alhamisi nilirudi wodini na uji nikakuta kitanda kimeshatandikwa. Hilo siwezi kuliandika zaidi ya hapo.

Deo aliliacha lori lake njiani akaja kwa basi, tukakuzika vizuri, watu wengi. Mambo yaliharibika wiki iliyofuata. Wifi yako, Shangazi Skola, alikuwa jikoni kwako akitafuta sukari, akafungua lile kopo la maziwa ulilokuwa ukirudi nalo nyumbani kila jioni. Akaona kitambaa chekundu na chuma cheusi ndani yake. Alirudi kinyumenyume mpaka akagonga kabati. Hakuligusa, alilipiga picha kwa simu akaituma kwenye kundi la ukoo, na kabla chai haijapoa ilikuwa imefika kwa watu ambao hawakuwahi kukuona hata siku moja.

Ikawa Mama Deo alikuwa na dawa ya kuvuta wateja. Watu wakaanza kukumbuka mambo: kwa nini kibanda chake kilijaa hata siku za mvua, kwa nini mtu akila pale leo kesho anarudi. Mmoja akakumbuka tumbo lililomsumbua mwaka juzi. Watu uliowalisha tangu hawajaota ndevu wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, na mimi nimesimama mlangoni na mwiko. Kibanda hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba walikuwa wakilitaja jina lako kwa sauti ya chini. Mimi nimekulia bondeni, nimewahi kusikia jina la mwanamke mzee likitajwa kwa sauti ya namna hiyo, na niliona kilichofuata. Wewe hawangeweza kukufanya kitu tena, ila jina lako lilikuwa bado lipo, halina wa kulilinda.

Shangazi Skola akataka aletwe lambalamba, mmoja wa wale wanaojiita mafundi wa kufichua wachawi, aje apekue nyumba na kibanda. Mimi na wewe tunajua watu hao hawaondoki mikono mitupu. Wasipokuta kitu wanakuja nacho. Deo alikaa uani na simu yake, ile picha kwenye kioo, anaikuza, anaipunguza. Nilipomuuliza kaburi tutalijengea lini, alijibu bila kunitazama: "Litajengwa nikishajua nimemzika nani."

Kiapo changu kiliishia hapo, Mama. Ningeweza kuvumilia wakusingizie Chanji nzima, lakini si Deo.

Siku ya arobaini, sala ilipokwisha na kabla chakula hakijapakuliwa, nikaingia ndani nikatoka na ungo. Ungo, Sumbawanga, mbele ya watu wanaodhani marehemu alikuwa mchawi. Hilo nililifikiria nikiwa nimeshafika katikati ya uwanja. Kuna waliosogeza viti nyuma. Nikachota maharage kwenye gunia la shughuli, nikasema kama wanataka kujua Mama Deo alikuwa na nini, waje waone. Nikalifungua jembe kwenye kitambaa chake, nikaliweka ukingoni, nikagonga mara tatu.

Hakuna kilichotokea.

Sikuwahi kugonga mwenyewe, unajua. Miaka yote uligonga wewe. Shangazi Skola akasema, "Huyu anatufanya watoto," na Deo akainuka kwenye kiti chake kama mtu anayetaka kuondoka. Nilitaka kuomba radhi nikimbilie jikoni. Ndipo nilipoutazama ungo vizuri nikaona nilichokosea: nilikuwa nimeujaza. Kila siku ulikuwa ukiniambia niyapunguze, "yapate nafasi ya kugeuza shingo," na mimi nilidhani ni utani wako, kwamba unataka tu tuyaone mawe. Nikamwaga nusu kwenye kanga, nikayatandaza yaliyobaki kwa kiganja, punje isilale juu ya punje. Nikagonga tena.

Yakaja manyunyu yale. Waliokuwa mbele waliyasikia, waliokuwa nyuma walisimama. Yakageuka yote, ya njano, mekundu, yenye madoa, yakalitazama jembe. Nikasikia sufuria ya wali ikichemka nyuma ya nyumba. Mwanakwaya mmoja alishika rozari yake. Kisha balozi, unamjua asivyoridhika na jibu moja, akasogea, akainama juu ya ungo mikono nyuma, akatazama kwa muda mrefu, akauliza, "Halafu?"

Nikasema, "Halafu basi."

Akauliza kama yanaiva haraka. Nikasema hapana. Kama yanaongezeka. Hapana, Mzee. Akajikuna shingo, akauliza lile walilokuwa wakilingoja wote: "Na wateja? Hakavuti wateja?"

Nikamwambia, "Balozi, wewe umekula pale tangu kibanda kijengwe. Ulivutwa?"

Alifikiri kweli kweli, si kwa mzaha. "Mimi nilikuwa na njaa," akasema.

Aliyecheka wa kwanza ni Deo. Ilianza kama kikohozi, nikadhani amepaliwa, kisha kikatoka kicheko chako chenyewe, kile cha kuteleza kwenye kiti, na uwanja mzima ukapasuka. Watu walicheka wakashikana mabega. Deo alicheka mpaka machozi, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko. "Mama yangu," alikuwa akisema. "Mama yangu na maharage." Nilimshika mkono, tukalia wote mbele za watu, na hakuna aliyeona ajabu.

Yule mwanakwaya aliyeshika rozari akakiokota kile kitambaa chekundu kilichotia watu hofu, akakigeuza, akasema, "Hii si sare yetu ya zamani, ile iliyochuja?" Na kweli, ilikuwa ukosi wa sare yako ya kwaya. Shangazi Skola naye hakuomba msamaha, unamjua. Alivuta kiti, akagonga mwenyewe, yakageuka. Akalihamisha jembe upande mwingine, akagonga, yakageuka. Alifanya hivyo mara tano au sita, kisha akasema kwa sauti iliyovunjika kidogo, "Wifi yangu miaka yote hii, hakuniambia." Nilimwonea huruma. Nadhani ungemwambia mngecheka naye miaka mingi.

Hilo ndilo kosa langu, Mama. Nililificha jambo lako miaka kumi na moja, nikalitoa siku moja, na nikirudishwa pale nitalitoa tena. Aibu uliyokuwa ukiiogopa imetupata kama ulivyosema: sasa hivi ukipita mjini ukitaja ukoo wa wale wenye jembe la maharage, watu wanacheka. Lakini wanacheka kwa sauti ya juu, wakitaja jina lako.

Kaburi limejengwa. Deo alisimamia mwenyewe, akachagua vigae vya rangi ya kahawia vinavyofanana na maharage, na nilipomuuliza kama ni makusudi akasema havikuwepo vingine, lakini alikuwa anatabasamu. Walipogawa vitu vyako, yeye alichukua redio na picha ya baba yake, Shangazi Skola akachukua vitenge, na jembe Deo akanikabidhi mimi. Wazee wa ukoo walinung'unika kwamba mimi ni Msukuma, si damu yenu. Deo akawaambia, "Nyie mtalitafutia kazi." Sikuwahi kumweleza ulivyokuwa ukisema. Nadhani alizaliwa nalo tu hilo neno.

Wateja wamerudi. Wengine hufika saa tisa, wameshashiba kwingine, wanajifanya wamepita tu. Wakikazana nawagongea mara moja. Kila mmoja anauliza, "Halafu?" na kila mmoja nikimjibu anabaki ameinama pale kidogo, hataki kuondoka. Nimeziba nyufa mbili kwa magazeti mapya, zile za karibu na jiko, maana koti langu halitoshi na sweta lako silivai, nalinusa tu. Nyingine nimekuachia.

Nakuahidi haya. Sitalitumbukiza kwenye supu, wala kwenye kitu kingine chochote. Mjukuu wako wa pili akifika umri wa kutandaza maharage yasibanane, nitamwonyesha, nami nitamwambia ukweli wote kuhusu mkia wa mgebuka. Na sitakubali mtu yeyote, awe padri au mwalimu au mjanja wa mjini, alitafutie kazi.

Sasa niache nikuage, saa tisa imefika na maharage ya kesho hayajachambuliwa. Nimekaa kwenye kigoda chako tangu asubuhi na kimenikataa, ni kifupi kwa miguu yangu. Ninainuka. Ninahamia kwenye kiti changu cha zamani, upande ule wa pili wa ungo, na jembe nitaliweka huku kwako, niyagongee yakutazame wewe.

Halafu basi.

Mwanao,
Kabula